Kula Kabla ya Kulala: Tatizo Liko Wapi Hasa?

Wanaoniuliza kama ni vibaya kula kabla ya kulala karibu wote huja na hukumu mkononi. Wamesikia kwamba chochote kinachoingia tumboni baada ya saa moja usiku hugeuka mafuta, na wanachotaka kwangu ni sahihi tu. Siwapi. Hakuna saa ambayo mwili unabadilisha ndizi kuwa kitambi. Ila pia siwaachi waende zao wakidhani wameruhusiwa, kwa sababu hapa Mombasa tunachokiita kitu kidogo cha usiku mara nyingi ni mlo wa pili.

Bi mkubwa mmoja aliniambia, "Mimi usiku sili, mwanangu, naonja tu." Nikamwomba anitajie alichoonja jana yake. Viazi karai vinne na ukwaju wake. Mishkaki miwili aliyoletewa na mjukuu. Kipande cha mkate wa kumimina, maana chai kavu haimshuki. Kisha akalala. Hapo mimi sianzi na saa, naanza na karai: kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina takriban kalori 120, na kiazi kilichovikwa unga kikakaangwa hakitoki mle bila mafuta yake.

Wala sisemi ni ulafi. Msimu wa kaskazi joto la mchana hukata hamu kabisa. Mtu anashinda na chai na mahamri mawili ya asubuhi, mchana anakunywa maji na soda, na jua likishatua upepo wa bahari ukaanza kupunga, njaa ya siku nzima inamrudia kwa mkupuo. Ndio saa ambayo barabara ya Mama Ngina imejaa kachri za muhogo zenye pilipili na ndimu, na kila kona ya Mji wa Kale ina moshi wa makaa. Ukitaka kupunguza kula usiku, basi, dawa yake iko mchana. Kula mchana hata kama ni kidogo: mbaazi, samaki, mchicha, tunda. Nimeona watu wakipigana na njaa ya saa nne usiku kwa miezi, kumbe waliruka chakula cha saa saba mchana.

Madhara ninayoyaona zaidi kwa wanaolala wameshiba ni kiungulia. Mlo wa kawaida huchukua saa mbili hadi nne kutoka tumboni, na wa mafuta huchelewa zaidi. Kati ya tumbo na umio kuna msuli unaobana ili tindikali isipande. Ukiwa umekaa au umesimama, uzito wa chakula wenyewe unasaidia. Ukilala chali na tumbo limejaa, msuli huo unaachwa peke yake, na usiku wa manane unaamka koo linaunguza, mdomo mchungu, wengine wanakohoa wakidhani ni kifua. Mwenye shida hii namwambia aache saa mbili au tatu kati ya chakula na kitanda, alalie ubavu wa kushoto, na ainue upande wa kichwani kwa kuweka matofali chini ya miguu ya kitanda. Kurundika mito hakusaidii sana: kunakunja tumbo na kulibana.

Suala la uzito lina ukweli wake, ila si ule unaosemwa mitaani. Mwaka 2022 watafiti wa hospitali ya Brigham and Women's kule Boston walichapisha jaribio la watu 16 wenye uzito uliozidi. Waliwapa chakula kile kile, kiasi kile kile, kwa ratiba mbili. Moja iliyasogeza mbele masaa ya kula kwa takriban saa nne. Ratiba ya kuchelewa iliwaongezea njaa, ikashusha leptini, ile homoni inayouambia ubongo kwamba tumeshiba, na mwili ukatumia nishati kidogo zaidi. Watu 16 ni wachache, na jaribio lilihusu siku nzima iliyochelewa, si ndizi moja ya usiku. Hata hivyo linaafikiana na jambo tunalolijua: giza likiingia mwili hutoa melatonini ya kutuletea usingizi, na homoni hiyo hiyo huipunguza kongosho kasi ya kutoa insulini, ile inayoshusha sukari ya damu. Sahani ya wali ya saa nne usiku hupandisha sukari ya damu kuliko sahani ile ile ikiliwa mchana.

Sasa kuna kundi ambalo naomba lisisome haya na kuacha kula usiku: wenye kisukari wanaotumia insulini au vidonge kama glibenklamidi. Kwao sukari inaweza kushuka usiku wakiwa usingizini. Dalili zake ni jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, ndoto za kutisha, na asubuhi kichwa kuuma. Tatizo la Mombasa ni kwamba jasho la usiku sote tunalo. Mtu anaamka shuka limelowa, anawasha feni, anarudi kulala, na hakuna aliyewaza kumpima. Ukiwa kwenye dawa hizi na umeamka umelowa jasho huku mikono inatetemeka, pima. Chini ya 4 (mmol/L) kwenye kipimo ni sukari ya chini: koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, kunywa, subiri dakika 15, pima tena. Asiye na mashine asingoje, anywe. Na mtu aliyezimia asitiliwe kitu mdomoni, apelekwe hospitali. Ikitokea zaidi ya mara moja, zungumza na daktari wako kuhusu kipimo cha dawa, na kama unahitaji kula kidogo kabla ya kulala. Hapo chakula cha usiku ni sehemu ya tiba.

Kwa sisi wengine, njaa ikiwa ya kweli, kula. Kulala na njaa nako kunakatiza usingizi. Mimi napenda kitu kisichozidi kalori 150 au 200: ndizi moja mbivu, bilauri ya maziwa mala, yai la kuchemsha, au konzi ndogo ya njugu. Njugu ziwe konzi kweli. Gramu 30 tu zina takriban kalori 170, na pakiti ikiwa wazi mbele ya televisheni haina mwisho. Tende mbili tatu hazina neno, ila hunata kwenye meno, na mate hupungua tukilala, kwa hivyo mswaki uje baada yake. Mtoto naye asilazwe na chupa ya maziwa mdomoni, kwa sababu hiyo hiyo.

Kahawa tungu nimeiacha mwisho kwa kuwa najua itanigombanisha na wazee wa baraza. Kafeini huchukua takriban saa tano kupungua nusu mwilini. Vikombe vya saa mbili usiku, nusu yake bado imo damuni saa saba. Wako wanaolala fofofo hata hivyo. Lakini ukija kwangu kulalamika kwamba usingizi umekukimbia, swali langu la kwanza litakuwa vikombe vingapi, na kashata ngapi juu yake.

Wengi mmeniuliza kuhusu daku, hasa wale wanaoila saa nane usiku na kurudi kulala. Hilo lina mambo yake, nitaliandikia peke yake kabla ya Ramadhani.