Jasho Peke Yake Halipangi Thamani

Katika mafunzo tunayowapa wafanyabiashara wadogo kuna lalamiko ambalo sijawahi kulichoka: "Nguo hii nimeishona siku tatu, mteja anataka kunilipa kama niliishona kwa saa moja!" Anayesema hivyo huwa ameishika nguo yenyewe mkononi, ameigeuza ndani nje ili tuone mishono ilivyonyooka. Ana haki ya kuuliza. Swali lake liliwahangaisha wachumi miaka mingi, na jibu lao la mwanzo lilifanana na lake: thamani hutoka kwenye kazi.

Adam Smith, mwaka 1776, aliandika kwamba kazi ndiyo kipimo cha kweli cha thamani ya kubadilishana. David Ricardo akaliendeleza wazo hilo mwaka 1817, na Karl Marx akalijengea hoja nzito mwaka 1867. Lakini hata Marx hakusema kila saa ambayo cherehani inazunguka huongeza thamani. Yeye alihesabu muda unaohitajika kwa kawaida katika jamii, kwa vifaa na ustadi wa kawaida. Anayetumia siku tatu kwa kazi ya siku moja hapati thamani mara tatu.

Smith huyo huyo aliacha fumbo. Maji ni uhai, na karibu hayana bei. Almasi mtu anaweza kuishi bila kuiona maisha yake yote, na bei yake haishikiki. Fumbo hilo lilipata jibu la kuridhisha karibu karne moja baadaye, William Stanley Jevons wa Uingereza na Carl Menger wa Austria walipochapisha maandishi yao mwaka 1871, kila mmoja kivyake. Léon Walras, Mfaransa aliyefundisha Uswisi, akafuata mwaka 1874.

Jibu lenyewe linaonekana vizuri ukikaa mbele ya ndoo tano za maji. Ya kwanza utakunywa. Ya pili utapikia. Ya tatu utaoga, ya nne utafua, na ya tano utanyunyizia uani vumbi litulie. Sasa moja imepigwa teke na kupinduka. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini jiulize: umekosa nini? Hutaacha kunywa. Utaacha kunyunyizia ua. Kwa hiyo siku hiyo, ndoo yoyote kati ya zile tano ilikuwa na thamani ya vumbi kutulia, basi, ingawa maji yote yalitoka kisima kimoja. Ikibaki ndoo moja tu, hakuna wa kukushawishi uiuze. Hakuna anayepima maji yote ya dunia dhidi ya almasi zote. Tunapima kipande hiki kimoja cha nyongeza, kwa mtu huyu, katika hali aliyo nayo sasa. Na kwa kuwa almasi ni adimu, kipande cha nyongeza daima ni kama ile ndoo ya kwanza, si ya tano.

Hapa wengi hudhani uhaba ni kiasi kilichopo ardhini. Alumini inatufundisha vinginevyo. Ndiyo metali iliyojaa kuliko zote katika ganda la dunia, takriban asilimia 8 ya uzito wake, lakini imeshikamana na oksijeni kwa nguvu na kuitenganisha ni kazi ngumu. Katikati ya karne ya 19 ilihesabiwa miongoni mwa metali za thamani. Mwaka 1884 Wamarekani walipomaliza mnara wa Washington, kileleni waliweka kipande cha alumini chenye uzito usiofika kilo 3, wakakiona ni pambo la heshima. Miaka 2 baadaye Charles Martin Hall huko Marekani na Paul Héroult huko Ufaransa, vijana waliozaliwa mwaka mmoja na wasiojuana, waligundua njia ya kuizalisha kwa umeme. Bei ikaporomoka. Leo tunafunikia chakula kwa karatasi yake na kuitupa. Metali ni ile ile. Kilichobadilika ni gharama ya kuifikisha mkononi. Ndiyo maana mchumi Alfred Marshall, mwaka 1890, alisema kubishana kama thamani hutoka kwa mnunuzi au kwenye gharama ni sawa na kuuliza ni upande upi wa mkasi unaokata karatasi.

Huduma zina jambo lake la ziada: haziwekwi ghalani. Kiti kitupu katika basi lililokwisha kuondoka hakiuziki tena kwa yeyote.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nawaheshimu, ila hilo hutimia pale tu mnunuzi anapoweza kukitambua kizuri. Mchumi George Akerlof alilieleza hili mwaka 1970 kwa mfano wa magari yaliyokwisha kutumika. Muuzaji anajua ubovu wa gari lake, mnunuzi hajui, hivyo mnunuzi hutaja bei ya wastani kujihami. Mwenye gari zima anakataa bei hiyo na kuondoka nalo, yanabaki mabovu. Ndiyo sababu ninachomwambia yule fundi ni hiki: ulichotufanyia sisi darasani, mfanyie mteja. Igeuze nguo, mwonyeshe mshono wa ndani, mwahidi kuirekebisha ikifumuka. Siku zako tatu hazionekani mpaka uzionyeshe, na asichokiona mteja hawezi kukilipia.

Kuna thamani nyingine ambayo haifiki sokoni kabisa, na hii inaniuma. Mchumi Arthur Pigou alitoa mfano mwaka 1920: mwanamume akimwoa mtumishi anayemtunzia nyumba kwa mshahara, pato la taifa linapungua, wakati nyumba inafagiliwa vile vile. Zaidi ya karne imepita na hesabu bado zinakwenda hivyo. Kanuni za kimataifa za hesabu za taifa zinakubali kuhesabu maji yanayotekwa na kubebwa hadi nyumbani hata kama hakuna aliyelipwa. Kuyachemsha na kumwogeshea mtoto, hazihesabu.