Helikopta kuinuka si ushahidi kwamba mzigo unabebeka

Wengi huamini kuwa helikopta ikishaachana na ardhi, basi uzito si tatizo tena. Sivyo. Ikielea chini, kwenye kimo kisichozidi upana wa duara la mapanga yake, ardhi huipunguzia kazi. Ikipanda zaidi, nafuu hiyo huisha na injini hudaiwa nguvu nyingine.

Ndiyo maana rubani husoma chati kwanza: uzito, kimo, joto. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko karibu mita 1,690 juu ya bahari. Mchana wa nyuzi 26 za Selsiasi, hewa yake huwa nyepesi kama ya mita 2,400 hivi. Na anayekwenda kutua mlimani (hapa ndipo wengi hujisahau) asome chati ya kuelea mbali na ardhi, kwa kimo cha huko aendako.