Taswira ya mzazi: binti anapomwelekezea mama yake kamera

Kiswahili kina maneno mawili ya kusimulia maisha ya mtu. Wasifu ni maisha yako yakielezwa na mwingine. Tawasifu ni wewe kuyaeleza mwenyewe. Sasa binti akishika kamera akamrekodi mama yake, tuseme ni kipi hapo? Anayesimuliwa ni mama, lakini nusu ya habari ni ya binti. Dokumentari ya namna hii huitwa taswira: sura ya mtu mmoja kama anavyoonekana na jicho moja, na jicho lenyewe linajulikana ni la nani.

Taswira haianzi na kuzaliwa ikaishia na tuzo. Haina sauti nzito ya kutaja miaka, wala wataalamu waliopangwa vitini kumsifia mhusika. Inakaa naye jikoni, inapanda naye gari, inamsubiri anyamaze kisha aanze tena. Mwenye kutaka kujua mama aliuza santuri ngapi akatafute kwingine.

Mfano mzuri ni *Jane par Charlotte* (*par* ni Kifaransa, yaani Jane kama anavyooneshwa na Charlotte), iliyooneshwa katika tamasha la filamu la Cannes mwaka 2021. Jane ni Jane Birkin, mzaliwa wa London (1946) aliyevuma Ufaransa kwa kuimba na kuigiza. (Ndiyo, lile begi la Hermès la bei ya kiwanja limebeba jina lake, tangu 1984.) Charlotte ni bintiye, Charlotte Gainsbourg, aliyemzaa na mwanamuziki Serge Gainsbourg. Charlotte naye ni mwigizaji mkubwa, lakini kuongoza filamu ndiyo kwanza alikuwa anajaribu.

Na nusura asiimalize. Walianzia Japani, mama alikokwenda kuimba, na binti akaja na maswali yake ameyaandaa, mojawapo likiwa kwa nini mama alikuwa hivi kwake na vile kwa dada zake. Jane aliyasikia kama mashtaka. Kazi ikasimama, na ikapita kama miaka miwili kabla hawajairudia, baada ya mama kutazama vipande vilivyokwisha kurekodiwa na kuona kumbe havikuwa na ubaya aliouogopa.

Kwangu mimi, dhana yote imo katika mkwamo huo. Mwandishi wa habari akiuliza swali lilelile, mama angetoa jibu lake la kila siku. Alikwisha kuhojiwa mara ngapi? Swali la binti halijibiki hivyo, kwa sababu muulizaji ni sehemu ya jibu. Ndiyo maana katika taswira ya mzazi swali huwa na uzito kuliko jibu, na ridhaa haiombwi mara moja ikaisha. Huombwa upya kila kamera inapowashwa.

Sisi watu wa pwani hatupaswi kushangaa. Binti anayekua hukabidhiwa kwa somo au kungwi, au hukaa na bibi yake, kwa kuwa kuna mambo ambayo mama na mwana hawatazamani usoni wakayasema. Jane na Charlotte nao walikuwa na haya ya namna hiyo. Mama anakiri mbele ya kamera kwamba huyu binti alimtia woga kidogo. Kamera ikawa kisingizio cha kukaa karibu. Kwa kisingizio hicho wanafika hata kwa Kate, binti mkubwa wa Jane aliyefariki 2013, ambaye kutazama picha zake kunamwia mama vigumu. Wanaingia pia katika nyumba ya Serge pale Rue de Verneuil, Paris, ambayo Charlotte aliiacha kama ilivyokuwa baba yake alipofariki 1991.

Si kila mzazi hufunguka. Mwaka 2012 Rory Kennedy alitoa filamu kuhusu mama yake, Ethel, mjane wa mwanasiasa wa Marekani Robert Kennedy. Rory ni wa mwisho kati ya watoto 11, na alizaliwa miezi sita baada ya baba yake kuuawa. Ethel hakupenda kujichimba moyoni na hakulificha hilo. Nayo ni taswira: namna mtu anavyolikwepa swali la mwanawe ni sehemu ya sura yake.

Ukitaka kupima kama neno umelielewa, linganisha filamu mbili za mtu mmoja. Agnès Varda, mwongozaji filamu na rafiki wa Jane, alitoa *Jane B. par Agnès V.* mwaka 1988. Humo Jane anabadilishwa mavazi na kupewa nafasi za kuigiza, msanii akicheza na msanii mwenzake. Ya Charlotte ina mama mwenye mbwa, mwenye maradhi, na mwenye nyumba iliyojaa vitu asivyotaka kuvitupa. Jane ni yuleyule. Kilichobadilika ni jina linalofuata baada ya *par*.