Maji ya tangi jipya la samaki yakiwa meupe kama maziwa, usiyamwage

Wiki hii nimeulizwa tena, mara ya nne. Dada mmoja wa Chikongola alinifuata dukani na ndoo mkononi, ndani yake goldifishi wawili midomo juu wakitafuta hewa. "Kaka, tangu Jumamosi nimebadilisha maji yote mara tatu, na kila asubuhi nayakuta kama maji ya kuoshea mchele." Nikamuuliza sponji ya filta, ile inayochuja maji, ameifanyaje. Kaiosha bombani kwa sabuni, mpaka ikanukia.

Dhana yenyewe ni hii: maji yakitia ukungu ni machafu, kwa hiyo mwaga yote, sugua kila kitu, anza upya. Kati ya samaki waliokufa nilioletewa hapa Mtwara, wengi walikufa kwa usafi huo.

Ukungu mweupe unaojitokeza siku ya pili au ya tatu ni bakteria wenyewe, kwa mamilioni, wanaelea na kula mabaki ya chakula na kinyesi. Tangi jipya lina chakula tele na hakuna anayeshindana nao, basi wanazaliana kwa kasi. Chakula kikipungua nao hupungua, na maji hung'aa yenyewe, kwa kawaida ndani ya siku chache hadi wiki 2. Ukimwaga yote na kulisha tena kama kawaida, umewapa uwanja mpya.

Kubaya zaidi ni kwenye sponji. Kuna bakteria wengine, hawa hawaelei. Wanajishikiza kwenye sponji, changarawe na kioo, na bila wao tangi halina uhai. Samaki hutoa amonia, na amonia ni sumu. Kundi moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia mradi isirundikane. Hawa huzaliana polepole sana, ndiyo maana tangi huchukua wiki 4 hadi 6 kukomaa. Sabuni na klorini ya bombani vinaweza kuwaua, na wewe unarudi siku ya kwanza huku samaki wamo ndani. Na amonia haina rangi! Maji yanaweza kung'aa kama ya chupa na samaki wakafa humohumo.

Kwa hiyo tulia. Lisha mara moja kwa siku, kile wanachomaliza ndani ya dakika 2. Samaki mzima hafi kwa kukosa chakula siku mbili. Pampu ya hewa iwake usiku na mchana, maana bakteria wale wanaoelea wanagombea oksijeni na samaki wako, na maji yenye joto kama letu hubeba oksijeni kidogo. Umeme ukikatika, chota maji ya tangi kwa kikombe uyamimine kutoka juu, mara kwa mara.

Badilisha maji pale tu samaki wanapohema juu au kipimo kinapoonyesha amonia, na iwe robo. Maji ya bomba yalale kwenye ndoo wazi siku nzima kwanza, klorini itoke. Sponji ikiziba, ikamue ndani ya maji uliyoyatoa tangini, basi. Na kabla hata ya kununua samaki, tafuta mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima, umwombe kipande cha sponji chakavu ukiweke kwenye filta yako. Hakuna dawa ya dukani ninayoiamini kuliko hiyo. Mimi nakata bure.

Wapo wanaotia shabu kwa kuwa inang'arisha maji ya kisima. Shabu hutuliza vumbi, haiondoi amonia, na huyapeleka maji kwenye asidi, hali inayowaumiza samaki na kuwadhoofisha bakteria wale wale unaowahitaji. Acha.

Kama maji yalichafuka saa ileile ulipoyajaza, hilo ni vumbi la mchanga. Chota glasi moja uiache usiku kucha: vumbi litatua chini, bakteria watabaki wakielea. Mchanga uoshwe kwenye ndoo mpaka maji yatoke safi. Ule wa baharini usiulete kwenye tangi la maji baridi hata ukiuosha mara ishirini, maana una vipande vya makombe na matumbawe, chokaa tupu, na maji yatazidi kuwa magumu.

Maji ya kijani ni mwani, na chanzo mara nyingi ni jua la dirishani. Hamisha tangi. Na samaki wa kulamba kioo hali ukungu. Anakuongezea kinyesi tu.

Yule dada ameondoka na kipande cha sponji ndani ya kopo la maji ya tangi langu. Goldifishi wake nimebaki nao mpaka tangi lake likomae.