Barua ya Kuruhusiwa Kucheza: Ufafanuzi kwa Wachezaji wa Ligi za Mitaa Wanaouguza Majeraha

Kila michuano ya ndondo (mpira wa miguu wa mitaani) inapokaribia, kitengo chetu cha fiziotherapia hupokea malalamiko yanayofanana, na safari hii yameongezeka kiasi kwamba imeonekana ni vyema yajibiwe hadharani. Wachezaji wanalalamika kwamba wananyimwa barua ya kuruhusiwa kucheza ilhali hawasikii maumivu yoyote. Viongozi wa timu wanalalamika kwamba hata barua ikitolewa, ina masharti mengi mno. Waajiri nao wanaleta vyeti vya ED (Excuse from Duty, yaani ruhusa ya daktari ya kupumzika kazi kwa sababu ya ugonjwa) vya watumishi wao, wakiuliza inakuwaje mtu aliyeandikiwa mapumziko aonekane Jumapili jioni akikaba winga. Malalamiko haya yote yanatoka katika imani moja, kwamba maumivu yakiisha basi jeraha limepona.

Ninaandika nikiamini kwamba wengi wanaokuja kwetu wana nia njema na wanataka tu kurudi kwenye maisha yao. Hata hivyo, imani hiyo si sahihi, na tumeieleza mara nyingi. Maumivu na uvimbe hutulia mapema. Nguvu ya msuli, uimara wa kano na uwezo wa kiungo kujiweka sawa mguu unapokanyaga vibaya hurudi polepole zaidi. Kwa aliyefanyiwa upasuaji wa kupandikiza kano ya msalaba ya goti, kano hiyo mpya huwa dhaifu katika miezi ya mwanzo, yaani wakati uleule ambao mgonjwa anajisikia vizuri na anaanza kutuuliza kwa nini bado tunamzuia. Msuli wa nyuma ya paja uliochanika una tabia ya kuchanika tena katika wiki za kwanza baada ya mchezaji kurejea uwanjani, na mara nyingi jeraha la pili huwa kubwa kuliko la kwanza.

Wanaodhani tunazidisha tahadhari wakumbuke yaliyompata Ronaldo wa Brazil. Kano ya pia ya goti lake ilichanika Novemba 1999, akapasuliwa, akahudumiwa na madaktari ambao klabu nyingi duniani haziwezi kuwagharamia, na Aprili 2000 akaingizwa kwenye fainali ya Kombe la Italia dhidi ya Lazio. Dakika chache tu baada ya kuingia, kano ileile ilikatika kabisa. Katika Kombe la Dunia la 2002 alifunga mabao 8, mawili kati yake kwenye fainali, lakini hayo yalikuja baada ya kipindi kirefu sana cha utengamao, yaani tiba ya kurudisha uwezo wa kiungo, ambacho watu hawakisimulii.

Utengamao wenyewe hauanzii uwanjani. Unaanzia nyumbani, na kwa kweli maisha ya kila siku ni kipimo kigumu kuliko watu wanavyofikiri. Kabla ya kuzungumzia mpira tunamuuliza mgonjwa kama anaweza kuchuchumaa chooni na kuinuka bila kushika ukuta, kama anasujudu au kupiga magoti ibadani bila kuegemea upande mmoja, kama anashuka ngazi kwa miguu yote miwili sawasawa (kushuka ndiko kunakofichua udhaifu wa paja, si kupanda), na kama anaweza kusimama ndani ya daladala iliyojaa dereva akifunga breki. Inashangaza ni mara ngapi mtu anayekiri kwamba bado anashika ukuta chooni huomba, katika mazungumzo hayohayo, aandikiwe barua ya kucheza mechi ya mwishoni mwa wiki.

Akivuka hapo, tunampeleka kwenye kukimbia kwa mstari ulionyooka, kisha kukata kona na kusimama ghafla, kisha mazoezi ya mpira yasiyo na kugusana, kisha mazoezi kamili na wenzake, na mwisho dakika chache za mechi. Kila hatua ina sharti: goti au kifundo kikivimba siku inayofuata, anarudi hatua moja nyuma. Kwa upasuaji wa kano ya msalaba, hatutoi barua kabla ya miezi 9 kutimia, na hata ikitimia, mguu ulioumia lazima ufikie angalau asilimia 90 ya mguu mzima katika vipimo vya nguvu na vya kuruka kwa mguu mmoja. Tarehe peke yake haitoshi. Mgonjwa aliyekaa miezi 9 bila kufanya mazoezi aliyopewa amezeeka miezi 9, basi.

Wapo wanaokuja na picha ya eksirei kama ushahidi kwamba hawana tatizo. Eksirei inaonyesha mfupa. Haionyeshi kano iliyokatika wala msuli ulionywea. Wapo pia wanaochuliwa kwa nguvu na maji ya moto siku ileile waliyoumia, jambo linaloongeza damu kuvuja ndani ya msuli na ambalo, kwa paja lililopigwa sana, linaweza kuchangia mfupa kuota ndani ya nyama. Kuhusu sindano ya kutuliza maumivu inayochomwa pembeni mwa uwanja ili mchezaji amalizie kipindi cha pili, nitasema tu kwamba haiongezi hata chembe ya nguvu kwenye kano. Inamwondolea mchezaji onyo pekee alilokuwa nalo.

Jeraha la kichwa lina utaratibu wake na hauna majadiliano. Mchezaji aliyegongwa kichwa akachanganyikiwa, akasahau matokeo, akaona giza au akatapika, anatoka na harudi siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Akizimia, au maumivu ya kichwa yakizidi, apelekwe hospitali mara moja. Sheria za mpira zinayaruhusu mashindano, tangu Julai 2024, kuruhusu timu kubadilisha mchezaji wa ziada, aliyetoka asirudi, kwa ajili ya mtikisiko wa ubongo, na waandaaji wa ligi za mitaa wangefanya vyema kuliingiza suala hili kwenye kanuni zao. Baada ya mapumziko ya saa 24 hadi 48, mgonjwa hurejea kwa hatua, kila hatua ikichukua angalau saa 24, na kibali cha daktari hutangulia mazoezi ya kugusana. Katika siku hizo asiendeshe pikipiki.

Sasa kuhusu ED. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, ilimradi awe na cheti cha daktari. ED hutolewa na tabibu aliyemwona mgonjwa, huandikwa tarehe ya kuanza na ya kuisha, na huongezwa tu mgonjwa akirudi kuonwa. Hatuongezi siku kwa maombi ya ndugu wala hatuandiki tarehe za nyuma. Mwajiri akiuliza kwa maandishi, hospitali huthibitisha kama cheti ni chake na kwa tarehe zipi, bila kueleza ugonjwa, isipokuwa mgonjwa ameridhia. Mwenye ED akionekana uwanjani anajitafutia hatua za nidhamu kazini, na hatuna la kumsaidia. Aliyebadilisha tarehe kwa kalamu amefika mbali zaidi, kwa kuwa kughushi nyaraka ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 7. Hali kadhalika, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hulipa kwa jeraha lililotokana na kazi, kwa hiyo goti lililoumia kwenye ndondo lisiandikwe kwenye fomu kwamba liliumia ghalani.

Jambo jingine linalochanganya watu ni kwamba ED ikiisha, mtu anahesabu kwamba ameruhusiwa kucheza mpira pia. Karani mwenye kifundo kilichoteguka anaweza kurudi mezani kwake wiki kadhaa kabla ya kuvaa njumu, na hakuna mkanganyiko wowote hapo. Kwa dereva wa bodaboda hali ni ngumu zaidi, maana hakuna wa kumlipa hata hiyo nusu mshahara, na hatumlaumu anayeuliza mapema. Tunachomweleza ni kwamba mguu wa muundi uliovunjika ndio huohuo utakaoshikilia pikipiki na abiria wake kwenye kituo chenye mteremko, kwa hiyo aanze na safari fupi, bila mizigo, na baada tu ya daktari kuthibitisha kwamba mfupa umeshikana.

Anayehitaji barua ya kucheza aje mwenyewe kliniki akiwa na kadi ya mahudhurio, picha zake zote na, kwa aliyepasuliwa kwingine, muhtasari wa upasuaji kutoka hospitali hiyo. Mwenye bima apitie kwanza dirisha la bima ili huduma ya siku hiyo iidhinishwe. Aje na nguo na viatu vya mazoezi, kwa sababu vipimo vya kuruka havifanyiki kwa kandambili, na kila wiki tunamrudisha mtu kwa sababu hiyo. Barua hutaja kiungo kilichopimwa, kiwango cha mchezo kinachoruhusiwa, idadi ya dakika za kuanzia na tarehe ya mwisho ya matumizi. Mchezaji akiumia tena kabla ya tarehe hiyo, barua inakoma na anapimwa upya. Timu haipewi nakala, anapewa mchezaji, na ni hiari yake kuionyesha. Viongozi wanaomtuma kijana kuchukua barua kwa niaba ya mchezaji ambaye muda huohuo yuko mazoezini wataendelea kurudishwa mapokezi.