Je, wajua koleo hili la zamani lilikuwa la kazi gani?

Mzee wa chuma chakavu pale Majengo, Dodoma, alikuwa ameshaliweka kwenye mizani nilipomwomba aniuzie. Koleo la chuma, urefu wa shubiri moja hivi, zito kuliko linavyoonekana. Jirani yetu mfugaji alipoliona akasema ni la kuhasi madume. Shangazi akasema hapana, hilo ni la kung'olea meno.

Lakini tazama taya zake. Zimepinda kama mwezi mchanga, na kwenye ncha kuna makali mapana yanayokutana ana kwa ana, hayapishani kama ya mkasi. Koleo la kuhasi halina makali, kwa sababu hubana mishipa bila kuchana ngozi. La meno hushika, halikati. Tena katikati ya mikono yake kuna kijiti kifupi cha chuma kinachoizuia isigongane na kubana vidole. Kinga hiyo ina maana tu kama kinachokatwa ni kigumu na hupasuka ghafla.

Kitu hicho ni sukari.

Zamani Ulaya sukari haikuuzwa ya chenga kama hii yetu ya kupima kwa kilo. Ilichemshwa, ikamiminwa kwenye kalibu zenye umbo la pia, ile wachezeayo watoto, ncha ikiwa chini na ina tundu. Molasi, yaani maji mazito meusi ya sukari, ilichuruzika kwa siku kadhaa, likabaki bonge jeupe lenye umbo la pia, gumu kama jiwe, nyingine zikipita kilo kumi. Ziliuzwa zimefungwa kwa karatasi ya buluu ili weupe wake uonekane zaidi. Mwenye nyumba alizivunja kwa nyundo, kisha vipande vya kutia kwenye chai akavikata kwa koleo hili.

Mwaka 1843 Jakub Kryštof Rad, meneja wa kiwanda cha sukari mjini Dačice, katika nchi ambayo leo ni Cheki, alipata hataza, yaani haki ya mbunifu, ya kutengeneza sukari ya vipande vya mraba. Inasimuliwa kwamba mkewe alikuwa amejikata kidole akivunja pia ya sukari. Vipande hivyo, na baadaye sukari ya chenga, vikaliondoa koleo jikoni polepole.

Jioni nililisafisha kutu, nikaleta bonge la sukari guru. Shangazi akabana mikono miwili. *Ta!* Likagawanyika, kipande kimoja kikarukia kwenye sinia. Alikiokota, akakitia kwenye chai yake.