Njia za Shamba Pemba: Gurudumu, Mteremko na Maji

Simama pembeni mwa barabara ya Chake Chake kwenda Wete asubuhi mapema uwaangalie wapanda baiskeli. Mtu kafunga mzigo wa majani ya ng'ombe kwenye keria, mzigo mpana kuliko mabega yake. Gari ya abiria inapiga honi nyuma yake. Anatoka kwenye lami, anashusha mguu kwenye majani, anangoja vumbi litulie, kisha anaanza tena kukanyaga pedali kutoka sifuri, na kilima bado kiko mbele yake. Kabla hajafika juu, honi nyingine.

Kazi yangu ni mipango ya usafiri wa vijijini, na kila mkutano wa shehia, yaani eneo dogo la utawala lililo chini ya sheha, huulizwa swali lile lile: njia za baiskeli tutajengewa lini? Jibu langu ni kwamba nyingi tunazo, ila hatujazitazama kama njia. Pemba ina urefu wa kilomita zisizofika 70, na karibu kote ni vilima na mabonde. Kimbunga cha 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobaki na kuwa shamba kuu la karafuu, na gunia la karafuu halikungoja barabara. Lilibebwa kichwani, likapandishwa punda, likashushwa mpaka bandarini. Vijia vilivyokatwa na miguu hiyo bado vipo. Watoto wanavipita kwenda skuli na chuo cha Kurani, wakulima wanavipita kwenda bondeni kwenye mpunga. Hakuna gari huko, na kivuli kipo karibu mwendo mzima.

Wageni hutuambia kwao njia za namna hii zipo nyingi, na ni kweli. Uingereza, kwa mfano, njia ya baiskeli kati ya Bristol na Bath, yenye urefu wa kilomita 21 hivi, ilitengenezwa kati ya 1979 na 1986 juu ya tuta la reli iliyoachwa. Hapo kuna jambo la kiufundi ambalo ndilo kiini cha makala hii. Treni haiwezi kupanda mlima mkali, kwa hiyo mhandisi wa reli alikata vilima na kujaza mabonde mpaka njia ikalala. Reli ilipokufa, baiskeli ilirithi kazi iliyokwisha fanywa. Unguja tulikuwa na reli ya Bububu, maili 7 kutoka mjini, iliyoanza 1905 na kufa mwishoni mwa miaka ya 1920. Njia za Pemba zilikatwa na mguu. Mguu hauogopi mlima, unakata moja kwa moja palipo karibu. Gurudumu linataka kuzunguka.

Kuujua mteremko hakuhitaji vyombo vya bei. Chukua mpira mwembamba wa maji unaoonesha ndani, ule mafundi ujenzi wanaotumia kupatia usawa, uujaze maji. Pima mita 10 kwa kamba kwenye kijia. Mmoja akae juu na ncha moja, mwenzake chini na ya pili. Maji yakitulia, yamelingana pande zote mbili. Kila mmoja apime kutoka ardhini hadi yalipo maji, kisha toeni kidogo katika kikubwa. Tofauti ya sentimita 50 ina maana njia inapanda mita 5 kwa kila mita 100, na hapo mtu mwenye mzigo bado anaweza kukanyaga. Ikizidi 80, wengi watashuka na kusukuma.

Kilima kimoja tulichopima kilitoa sentimita 140. Vijana waliokuwa nami walidhani tumekosea, tukarudia, ikawa ile ile. Kwa mita 100 za kijia hicho unapanda mita 14. Ukitaka upande kwa kiasi cha mita 6 kwa 100, kijia lazima kirefuke mpaka mita 230 hivi, yaani kipinde mara mbili au tatu ubavuni mwa kilima. Kirefu zaidi, lakini mzee wa miaka sitini atakipanda hajashuka kwenye baiskeli.

Na kupinda maana yake ni kupita katika shamba la mtu. Hapa naomba tusiende kwa pupa. Baadhi ya mashamba ni eka tatu walizopewa wananchi baada ya Mapinduzi ya 1964, na Pemba mwenye ardhi si lazima awe ndiye mwenye mikarafuu iliyomo. Ukikubaliana na mmoja tu umekubaliana na nusu ya wenyewe. Muanze kwa sheha, muite wote wawili, mtembee pamoja kwa miguu, na kila kona iwekwe kijiti mbele yao. Siku moja ya kutembea hivyo huokoa mwaka mzima wa malalamiko.

Adui mkubwa wa kijia ni maji. Pemba inapata mvua nyingi kuliko Unguja, na masika ya Machi hadi Mei hayana huruma na ardhi iliyokanyagwa. Kijia kinachoshuka moja kwa moja ni mfereji. Mwaka wa kwanza mstari mwembamba katikati, mwaka wa tatu korongo la kufika magotini, na watu wanaanza kukanyaga pembeni, kijia kinapanuka kuelekea kwenye mizizi ya mikarafuu. Dawa yake ni kukinga maji kabla hayajapata kasi. Laza gogo la mnazi au safu ya mawe kukata kijia kwa mshazari, si kwa mkato ulionyooka, ili maji yaongozwe upande wa chini yatoke. Kigingi kigonge nyuma yake, udongo ushindiliwe upande wa juu, na gogo lisizidi kimo cha ngumi, baiskeli ipite. Mlima ukiwa mkali, magogo yakaribiane. Maji yaelekezwe kwenye migomba. Yasielekezwe kwenye mikarafuu, kwani mkarafuu ukisimamiwa na maji unakufa.

Bondeni ni habari nyingine. Udongo wa kinamo ukilowa unanata kwenye tairi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka ndani ya uma. Hapo pita juu ya tuta, au ngoja siku mbili za jua. Kwenye kichanga punguza upepo kidogo, tairi litanuke. Tyubu ya akiba, viraka na pampu usiviache nyumbani, kwa sababu fundi wa pancha hakai ndani ya shamba.

Msimu wa karafuu una adabu yake. Utakuta majamvi yametandazwa kila palipo wazi, karafuu zimeanikwa, zinageuka kutoka kijani na wekundu kuwa kahawia. Hiyo ni ada ya skuli ya mtoto na chakula cha miezi. Shuka, sukuma baiskeli pembeni, usikanyage hata ncha ya jamvi. Ukipita uwani kwa watu piga kengele mapema na utoe salamu, na vazi liwe la heshima. Ng'ombe na gari lake wapishe wewe. Mwendo wa mita chache mbele ya nyumba uwe ule wa mtembea kwa miguu.

Kwa anayetaka kuanza, ipo njia kutoka Konde inayopita msitu wa Ngezi kuelekea Vumawimbi na Ras Kigomasha. Magari ni machache, na ndani ya msitu utaona mpapindi, mti wa jamii ya minazi usioota kiasili popote duniani isipokuwa Pemba. Upande wa kusini, vijia vya mashamba kutoka Chake Chake vinakufikisha Pujini, kwenye magofu ya ngome ya Mkame Ndume, mtawala wa zamani ambaye wazee wanasema aliwabebesha watu mawe huku wakijikokota kwa makalio. Hatari ya safari zote hizi iko pale kijia kinapoingia kwenye lami. Majani yafyekwe pande zote mbili ili dereva na mpanda baiskeli waonane mbali, na mpanda baiskeli ashuke.

Shehia inayotaka kutengeneza kijia chake isingoje kiangazi kwenda kukikagua. Nendeni mvua inanyesha, na mwavuli na mzigo wa vijiti. Palipo na maji yanayoingia kijiani chomekeni kijiti kimoja, yanapotoka viwili. Jua likitoka, vijiti vitawaonesha pa kulaza gogo la kwanza.